Mwalimu Datius Byabato na Msichana Aliyevaa Koti la Baba Yake

Baba Paroko, masista, viongozi wa Chama na Serikali, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, wakwe zetu, majirani wa Izigo na ninyi mliotoka Bukoba mjini tangu alfajiri, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi Mujuni, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, nipate kuwasimulia maisha ya kaka yetu, Mwalimu Datius Byabato, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu tangu juzi nimekaa na wazee kuyapanga haya, na yako mambo ambayo sikuyaelewa alipokuwa hai na leo siyaelewi zaidi.

Marehemu alizaliwa katika kibanja hiki, shamba hili la migomba mlimosimama, tarehe 3 Februari 1927, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Rugaibula na marehemu mama Ephrasia, na hiyo ndiyo tarehe iliyo parokiani, ingawa mama alisema siku zote kwamba alimzaa wakati wa senene, yaani mwezi Novemba, na watu walikuwa wameacha kumsaidia wakakimbilia kuokota senene, na tulipomuuliza kaka mwenyewe ni ipi iliyo sahihi, alisema kwamba anazipenda zote mbili, basi nami nimewasomea zote mbili.

Alisoma shule ya parokia hapa Izigo kuanzia mwaka 1936 hadi 1940, akachaguliwa kwenda shule ya misheni Bukoba kuanzia 1941 hadi 1946, kisha akaingia chuo cha ualimu, akahitimu mwezi Novemba 1948, na huko Bukoba ndiko alikokutana na padri mmoja Mholanzi aliyekuwa na kabati limejaa riwaya, padri huyo akimwazima moja baada ya nyingine, naye akija likizo alikuwa akitusimulia wakati wa kuchuma kahawa, tukidhani ni habari za watu wa misheni, na ninakumbuka mama alimweka katika sala zake mwanamke mmoja wa Ulaya ambaye mumewe hakumpenda, akamwombea kwa miezi kadhaa, hata siku kaka alipomwambia kwamba mwanamke huyo hayupo, aliandikwa tu na mtu, mama alisema, "Hata hivyo ameteseka, sitaacha." Nilikuwa mdogo, sikujua nicheke au niendelee kuchuma.

Kazi ya ualimu aliianza Januari 1949 huko Kamachumu, akahamishiwa Bukoba mjini mwaka 1955, na tarehe 12 Septemba 1953, akiwa bado Kamachumu, alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Georgina, binti wa mzee Ndibalema wa Kanyigo, ambaye tuko naye hapa, tunampa pole sana, na Mungu akawajalia watoto wanne, ambao ni Celina aliyezaliwa 1954, Mwijage aliyezaliwa 1957, Benadetha aliyezaliwa 1960, na Theopista aliyezaliwa 1964.

Bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Desemba 1961, kaka alikuwa Bukoba mjini na wanafunzi wake, mvua ikanyesha wakarudi wamelowa, na wiki hiyohiyo alianza jambo lililomfanya ajulikane, nalo ni kukaa na watu kila Jumamosi mchana, walimu, makarani, wachuuzi wa sokoni, yeyote aliyetaka, akawafundisha habari za watunzi wakubwa wa hadithi duniani, kila mmoja ameleta nini, akianza na wapiga enanga wetu wa Buhaya, waimbaji wa habari za mashujaa kwa kinanda cha nyuzi, ambao alisema ni watunzi kamili ingawa hawakushika kalamu, kwa sababu wao ndio waliotufundisha kwamba shujaa anaweza kulia mbele ya watu na bado akawa shujaa, kisha akivuka kwenda Asia, Ulaya, Urusi na Amerika, akieleza ni nani aliyethubutu kumweka mtumishi wa ndani katikati ya kitabu mahali palipokuwa pa mfalme, ni nani aliyeonyesha kwamba mtu anaweza kusema hili mdomoni na kuwaza lile moyoni katika ukurasa uleule, ni nani aliyeacha kuhukumu watu wake akawaacha wajitetee wenyewe, na mwisho wa kila Jumamosi aliuliza, "Na sisi sasa tumepata bendera yetu, tutaleta nini?" Wengine walidhani anauliza habari za kahawa, wakajibu kahawa.

Jibu lake mwenyewe lilikuwa riwaya ya kwanza, Moshi wa Msonge, iliyotoka Juni 1966, na walimu walio hapa wananiambia kwamba mchango wake ulikuwa kuandika Kiswahili chepesi kinachoweza kubeba maisha ya nyumbani kwetu, wivu wa wake wenza, ugomvi wa mipaka ya vibanja, watu wakizungumza kama tunavyozungumza, bila kuazima maneno ya pwani ambayo huku hatuyatumii, nami nakubali kwa kuwa wamesoma kuliko mimi, ila mimi nilipokisoma nilimkuta humo mtu mwenye meno kama yangu, anayepiga chafya kama mimi, ambaye anaiba mbuzi, nikakasirika mwezi mzima, na nilipomwendea aliniambia, "Mujuni, waitu, ndugu yangu, huyo si wewe, wewe nilikuazima meno tu."

Lilipokuja Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa, mwaka 1969 aliitwa mbele ya mkutano wa tawi la Chama, Katibu wa wakati ule akamwambia waziwazi, "Mwalimu, taifa linajengwa kwa jembe, wewe unatuletea watu ambao hawapo," naye akasimama polepole kama ilivyokuwa kawaida yake, akasema, "Ndugu Katibu, jana ulitueleza kijiji chetu kitakavyokuwa mwaka 1980, chenye bomba, zahanati na shule, tukakusikiliza na machozi yakatutoka, hicho kijiji kipo?" Watu walicheka, na Katibu naye akacheka, wala hawakugombana, bali Januari 1970, mwaka wa elimu ya watu wazima, alipangiwa kwenda kuratibu madarasa katika kijiji kipya kilichofunguliwa rweyani, kwenye nyasi tupu ambako hapakuwa na mgomba hata mmoja, akaombwa aandike hadithi fupi ya kuwafundisha watu kutandaza nyasi shambani, akaiandika, mkulima anatandaza nyasi vizuri sana kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, halafu anakaa chini analia, na hadithi inaishia hapo, na wiki nzima watu wazima waliokuwa wanajifunza a, e, i, o, u wakawa hawataki kuendelea mpaka waambiwe yule mtu alilia nini. Hakuwaambia. Nilimuuliza mimi kwa faragha, akaniambia hajui.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusunusu, na kwa kuwa limesemwa vibaya sokoni na hata baada ya misa, familia imeona lisemwe leo wazi, yeye akiwa amelala hapa.

Januari 1972 kaka alihamishiwa tena Bukoba mjini, akaanza kutoa riwaya ya pili sehemu kwa sehemu katika gazeti dogo lililokuwa likipigwa chapa pale mjini, nayo ni Kokuhirwa Hajafika, habari za msichana wa miaka kumi na saba ambaye baba yake amepokea mahari ya mtu asiyemtaka, akaondoka nyumbani asubuhi moja ya senene, watu wote wako rweyani wanaokota, akavaa koti la jeshi la baba yake kwa sababu ya baridi, koti ambalo mfuko wake wa kushoto ulichanika ukashonwa kwa uzi mwekundu, akapanda basi kwenda Bukoba, asionekane tena. Gazeti hilo lilisomwa katika madarasa ya watu wazima mpaka visiwa vya ziwani, watu wakawa wanaulizana habari za Kokuhirwa kama mtu wanayemfahamu, na Mei mwaka huo kulikuwa na mwanamke wa Muhutwe aliyepeleka sadaka ya misa ili Kokuhirwa aonekane, paroko akapata shida, hakujua aipokee au airudishe.

Jumatano, tarehe 7 Juni 1972, alikuja nyumbani kwa kaka mzee mmoja mrefu wa pande za Kamachumu, jina lake Ndyamukama, aliyepigana vita vya Burma, akakataa kiti, akakataa maji, nami nilikuwapo siku hiyo kwa kuwa nilipeleka ndizi, nikayasikia yote kwa masikio yangu.

Akasema, "Mwalimu, nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Kaka akamuuliza, "Mtoto gani, mzee wangu?"

"Huyo unayemwandika. Wewe unamwita Kokuhirwa, mimi nilimwita Alistidia. Aliondoka Novemba ya mwaka 1963, siku ya senene, na koti langu. Nimeishi miaka yote hii najua yuko Kampala, au amekufa. Sasa nasomewa gazeti nasikia unajua alikaa kiti gani kwenye basi. Niambie yuko wapi."

Kaka akamweleza kwa upole kwamba ni hadithi, ameitunga, msichana huyo hayupo, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ule uzi mwekundu niliushona mimi, usiku mmoja kabla ya Pasaka, kwa kuwa uzi mwingine haukuwapo. Mke wangu amekufa. Hakuna mwingine anayeujua. Nani alikuambia?"

Ndugu waombolezaji, nilimwona kaka yangu akibadilika rangi, akasema, "Mzee, sijui. Nilihitaji rangi, ikaja nyekundu."

Hapo ndipo mzee alipokaa. Alikaa chini, si kwenye kiti, akasema maneno ambayo shemeji Georgina naye anayakumbuka, kwa sababu alikuwa mlangoni, alisema, "Basi kama ni wewe unayemwamuru, kama yumo mkononi mwako, nakuomba kitu kimoja, usimwue." Nami nikamtazama kaka, nikaona amekwisha, maana sura ya mwisho alikuwa ameshaipeleka kwa mpiga chapa siku mbili nyuma, na katika sura hiyo Kokuhirwa anazama ziwani, anaonekana asubuhi kwenye mawe, na koti.

Alimwacha mzee na shemeji, akachukua baiskeli, nami nikakimbia nyuma yake mpaka kwa Mustapha, mpiga chapa, ambaye tuko naye hapa na atanisahihisha nikikosea, tukamkuta mikono imejaa wino, kaka akamwambia sura ya mwisho isitoke, na Mustapha akamjibu, "Mwalimu, msichana ameshakufa, herufi zimepangwa, nusu ya karatasi ziko hapo zinakauka," kaka akasema zichomwe, Mustapha akasema yeye amelia alipozipanga na hajawahi kulia kazini, na kwamba hiyo ndiyo sura bora kuliko zote alizowahi kuzipiga chapa, kaka akasema, "Najua," akairudia tena, "Najua, Mustapha, lakini baba yake yuko nyumbani kwangu," na Mustapha, ambaye alikuwa hajui lolote, akaniangalia mimi kana kwamba mwalimu amepatwa na malaria ya kichwa, nami nilikuwa nafikiri hivyohivyo.

Karatasi zilichomwa. Kaka akarudi akamuuliza mzee Ndyamukama, kama angemwona mtoto leo angemwambia nini, na yale aliyoyajibu ndiyo yaliyoandikwa kuwa sura ya mwisho, karibu neno kwa neno, baba amesimama kwenye njia ya kibanja chake anawaambia wapita njia, "Mkimwona mwambieni yule mwanamume alishaoa kwingine. Mwambieni mahari niliyarudisha mwaka uleule. Mwambieni koti asilirudishe, ni lake," na hapo riwaya inakwisha, msichana hajafika, hajafa, na gazeti likatoka Jumamosi ya tarehe 17 Juni 1972.

Jumatatu iliyofuata alikuja mwanamke kutoka Kashai, mtaa wa hukohuko Bukoba mjini, mshonaji wa nguo, mwenye chumba cha kupanga na watoto wawili, akasimama mlangoni kwa kaka na gazeti mkononi, hakusalimia, akasema, "Mwalimu, nani alikuambia habari za koti?"

Huyo ndiye Alistidia. Miaka yote aliyodhaniwa yuko Kampala alikuwa Kashai, na mara kwa mara alikuwa akiwaona sokoni watu wa kwao akijificha nyuma ya vitenge, na tangu Januari alikuwa akiisoma riwaya ile kwa hofu, akidhani kuna mtu amemgundua na anamchokoza kidogokidogo, mpaka aliposoma yale maneno ya mwisho, akajua sauti ile, akasema hakuna mtu duniani anayesema "koti ni lake" kwa namna ile isipokuwa baba yake. Kaka alimuuliza kama waliwahi kuonana, naye akasema hapana, ila siku aliyofika Bukoba alisimama kituo cha mabasi kutwa nzima akinyeshewa, hajui aende wapi, watu wengi walimpita, na huenda mwalimu alikuwa mmoja wao, akamwona, akamsahau, na macho yakakumbuka. Mimi nafikiri ilikuwa hivyo. Siku nyingine siamini. Kaka mwenyewe alijaribu kuikumbuka siku ile mpaka akaumwa kichwa, hakuona kitu.

Walipanda basi pamoja mpaka Kamachumu, nami nikaenda nao kwa kuwa kaka aliogopa, tukamkuta mzee anapogoa migomba, akatuona, akamwangalia binti kwa muda mrefu sana bila kusogea, kisha badala ya kumwambia yeye akamgeukia kaka akauliza, "Huyu ni wa kwako, au ni wa kwangu?"

Alistidia ndiye aliyejibu, akasema, "Tata, ni mimi, mbona umekonda hivi?" Mzee akaweka panga chini, akamshika mabega, akamshika masikio, akasema omwana wange, omwana wange, yaani mwanangu, halafu, jambo la kushangaza, akauliza koti liko wapi, na binti akasema alilikata mwaka ule alipojifungua, akalifanya nguo za mtoto, kwa maana hakuwa na kitambaa kingine, na mzee yule akacheka, akacheka mpaka majirani wakaja kutazama, akawaambia, "Wajukuu wangu wamevaa Burma!" Kaka alikaa shinani pa mgomba akalia kama yule mkulima wa hadithi yake, na nilipomuuliza unalia nini, sasa mambo yamekuwa mema, aliniambia tena kwamba hajui.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo palikuwa na furaha tu, lakini sivyo. Watu walianza kuuliza alijuaje, na kwa kuwa jibu halikuwapo wakatengeneza lao, wengine wakasema binti yule ni mtoto wake wa nje, wengine wakasema alikuwa hawara yake huko Kashai na kitabu ni njia ya kumtafutia msamaha kwao, na maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja, lakini yalitembea pamoja katika mdomo mmoja, na Februari 1973 shemeji Georgina alirudi kwao Kanyigo akiwa na Theopista, akakaa huko mpaka Pasaka. Nilimwendea kaka, nikafunga mlango, nikamuuliza kama mwanamume kwa mwanamume, akasema, "Mujuni, ningekuwa na siri ningekupa, uwe na kitu cha kushika. Sina." Sikujua kama nimeridhika. Shemeji alirudi mwenyewe, bila mshenga, na alichosema ni kwamba alikwenda Kashai peke yake akakaa na Alistidia kutwa nzima wakishona, na kwamba mambo mengine watu wasimuulize.

Riwaya ilitoka kama kitabu Agosti 1974, na wasomi wawili wa Dar es Salaam waliokuwa wamepata habari za sura iliyochomwa waliandika kwamba Mwalimu Byabato alikuwa amefika mlangoni pa watunzi wakubwa akageuka kurudi, kwamba kifo cha msichana ndicho kilichokuwa kinakikamilisha kitabu, na mwisho uliopo ni dhaifu, na katika mojawapo ya zile Jumamosi zake, mwanafunzi mmoja alimuuliza mbele yetu kama ni kweli, naye akakubali bila kusitasita, akasema, "Ni kweli. Wakubwa niliowafundisha ninyi wangemwacha afe, na wangekuwa sahihi, na mngelia mpaka leo," mwanafunzi akamuuliza, basi mchango wako ni nini, Mwalimu, na kaka akasema, "Labda ni kwamba mimi nilimfungulia mlango baba wa mtu." Walimu wanabishana mpaka leo kama hilo ni jibu la mtunzi au la mtu aliyeshindwa. Mimi ni mkulima. Nimelifikiria shambani mara nyingi, na kila mara nafika mwisho wa mstari kabla sijapata jibu.

Baada ya kitabu hicho hakuandika kingine. Aliniambia kwamba kila akimpa mtu jina anasikia hatua za mzazi wake zinakuja.

Mzee Ndyamukama alifariki Novemba 1974, akiwa ameishi na wajukuu wake, na kabla ya hapo alimleta Alistidia hapa Izigo, akamwambia kaka mbele ya mama yetu ambaye alikuwa bado hai, "Ulimtunza ulipokuwa humjui, sasa unamjua."

Ugonjwa wa marehemu ulianza Machi 1975, ukatambuliwa kuwa ni kisukari, akatibiwa Bukoba, Januari 1976 akakatwa mguu wa kulia huko Mwanza, akastaafu kazi, akarudi kuishi hapa Izigo, na kuanzia Mei mwaka huu macho yalipungua, na akili nayo ikawa inakwenda na kurudi, akaniita kwa jina la yule mwizi wa mbuzi, akauliza watu waliojaa sebuleni ni wa kwake au ni wa Mungu, na katika miezi hiyo aliyemwosha, aliyempikia uji, aliyemsomea vitabu vya padri yule Mholanzi, kwa zamu na shemeji Georgina, ni Alistidia, aliyeifunga cherehani yake Kashai akahamia hapa, na wakati mwingine kaka alikuwa akimshika mkono akamuuliza, "Nilikuzamisha?" naye akimjibu kila mara, "Hapana, Mwalimu, niko hapa, uji unapoa."

Alifariki Alhamisi, tarehe 18 Agosti 1977, saa tisa alasiri, katika chumba alichozaliwa, akiwa amepokea sakramenti zote, mkewe upande mmoja na binti huyo upande wa pili.

Jana wazee wa ukoo walikaa kupanga utaratibu wa kaburini, wakasema Alistidia si wa ukoo wetu, atupie udongo pamoja na majirani, wengine wakasema hapana, kama ni mtoto wa nje asemwe leo mbele ya Mungu akae na wenzake, tukabishana mpaka jogoo wakawika, na asubuhi shemeji Georgina alituita sote jikoni, akiwa bado ana kitambaa cha msiba kichwani na unga mikononi, akasema, "Si mtoto wake wa nje. Wala si mtoto wake wa ndani. Mimi nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa binti, na sijui alimpata wapi. Lakini alimpata. Atasimama na Theopista, mkono kwa mkono, na atakayeuliza aje kwangu." Kwa hiyo, kwa agizo la mjane, natangaza kwamba watakaotupia udongo baada ya mjane mwenyewe ni Celina, Mwijage, Benadetha, Theopista na Alistidia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba na Mwanza waliomhudumia kwa moyo, Baba Paroko aliyekuja hata njia ilipokuwa matope matupu, majirani wa Izigo mliochota maji, mliopasua kuni na mnaolala nje pamoja nasi, walimu wenzake, Ndugu Mustapha aliyekuja na gazeti lile alilolihifadhi, uongozi wa kijiji uliotupatia gari, na wasomaji mliotoka mbali, tuliokuwa hatuwajui, ambao tangu jana mnatuambia majina ya watu wenu waliopotea, mkituuliza kama marehemu aliacha lolote juu yao. Tumewajibu kwamba hakuacha. Tunawaomba mtuwie radhi, na mle chakula kabla hamjaondoka.

Kaka Datius, sisi huku tumebaki na maswali, wewe hayakuhusu tena. Mungu akupe amani, upumzike.